Panzi wa Verlyn

Watu walinisifu kwamba nina moyo wa chuma. Walinisifu kanisani, walinisifu dukani, hata mchungaji alinishika mikono yote miwili akasema hajawahi kuona mjane aliyesimama imara kama Ardis Wendorf. Nilimshukuru, maana ndivyo mtu anavyofanya akisifiwa na mchungaji. Lakini sikuwa imara wala nini. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu ulioukalia vibaya, ila yangu ilikuwa ya mwili mzima na haikuonyesha dalili ya kuondoka.

Mume wangu Verlyn alifariki mwanzoni mwa Desemba, gerejini kwetu, akinoa keekee yake ya kutobolea barafu. Ziwa lilikuwa ndiyo kwanza limeganda vya kutosha kumbeba mtu, na yeye kila mwaka hakosi kuwa wa kwanza kwenda kuvua. Nilimkuta ameinamia meza ya kazi, miwani imemteremkia puani. Nikamwambia, "Verlyn, supu inapoa." Kisha nikaelewa. Nikazima redio yake. Nikarudi ndani nikazima na jiko, ndipo nikapiga simu. Kuna kitu kingine kilizimika siku hiyo, ndani yangu, na sikujua kinawashiwa wapi.

Siku ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kama ilivyo kawaida yetu, mikate yenye nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, na mimi nikawa nawaza kwamba walioandaa ile mikate wamebania siagi. Hilo ndilo nililowaza. Mume wangu yuko juu kwenye jeneza, na mimi nawaza siagi. Majirani waliniletea mabakuli ya tambi na nyama mpaka friza ikakataa kufungwa, nikayala moja baada ya jingine majira yote ya baridi, mengine bila hata kuyapasha moto vizuri. Siku moja nilishika sinia ya oveni kwa mkono mtupu. Nilisimama nikakitazama kidole kinavyobadilika rangi, nikasema, "Ardis, umeungua," kama ninamwambia mtu mwingine.

Binti yangu Janelle alikuwa akinipigia simu kila jioni kutoka Minneapolis.

"Mama, umelia leo?"

"Sijalia."

"Hata kidogo?"

"Janelle, mimi si bomba la maji, useme ufungue tu nimwagike."

"Si vizuri kuyaweka mambo moyoni, Mama. Nimesoma."

"Umesoma. Haya, hongera."

Mtoto wa watu alikuwa na nia njema. Shida ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuchungulia huko moyoni, na sikuona kilichowekwa. Ikafika mahali nikaanza kujiuliza kama yule bwana nilimpenda kweli, au nilimzoea tu jinsi mtu anavyolizoea kabati lililokaa ukumbini miaka mingi. Hata swali hilo nililiuliza huku nikikunja nguo, na halikunichoma popote. Nilijua linapaswa kunichoma. Niliogopa kwamba huenda jibu ni hilo hilo, kwamba hakuna kitu.

Basi mwezi Machi, barafu ya ziwa imeanza kuyeyuka na kuwa nyeusi, Lavonne akanipigia. Lavonne ndiye mwenye ile nyumba ya chakula ya pembeni mwa ziwa, ambayo wote tunaiita "kwa Lavonne" ingawa nje kuna bango lenye jina la baba yake.

"Bibie," akasema, "Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Nimeuza. Magoti yamegoma, nami siwezi kubishana na magoti."

"Nimesikia."

"Wanaonunua watabomoa, wajenge nyumba za watu wa wikendi."

"Hilo nalo nimesikia."

"Sasa, Ardis, glasi yako je?"

Huku kwetu Wisconsin, ukiwa umekaa kaunta na mtu akakununulia kinywaji kabla hujamaliza ulicho nacho, mwenye baa huweka mbele yako kiglasi kidogo, kimefunikwa mdomo chini. Maana yake kuna kinywaji chako kimekwisha lipiwa, kinakungoja. Hakuna anayekigusa. Ukiwa tayari, unakipindua kiglasi, unaletewa. Kwa kawaida mambo hayo huisha usiku ule ule. Changu kilikuwa kimekaa tangu Desemba, mbele ya stuli yangu, na Lavonne alikuwa akifuta kaunta kwa kukizunguka.

Ni Verlyn aliyekinunua. Na ili uelewe ni cha nini, lazima nikuambie habari za Panzi.

Kwa Lavonne huendi ukakaa mezani moja kwa moja. Anayekimbilia mezani tunajua ametoka Chicago. Unakaa kwanza kaunta, unakunywa brandi yako tamu yenye cheri na kipande cha chungwa, unaagiza nyama yako hapo hapo, mnapiga soga kidogo, na saladi ikishawekwa mezani ndipo unaitwa. Ukimaliza kula unarudi kwenye stuli ile ile, na sasa ndiyo zamu ya vile vinywaji vya aiskrimu. Panzi ni wa kijani: pombe ya mnanaa, pombe nyeupe ya kakao, na aiskrimu ya vanila nyingi bila huruma, vyote ndani ya blenda. Ukiweka pombe nyekundu ya lozi badala ya mnanaa, huyo ni Kindi, wa pinki. Ukiweka brandi na kunyunyiza kungumanga juu, ni Aleksanda, anayependwa na wanaojiona wazee. Nasikia kwingine Panzi hutengenezwa kwa krimu tupu, anatikiswa na barafu na kuletwa kwenye kiglasi cha kunywea dawa. Shauri lao. Kwetu analetwa kwenye glasi ndefu, na kijiko.

Mimi ni mtu wa Kindi. Mnanaa sikuupenda tangu utotoni. Kwangu mimi mnanaa ni wa kusugulia meno, na sioni kwa nini mtu ale mlo mzuri kisha amalizie na dawa ya meno. Verlyn alikuwa mtu wa Panzi, na tena mtu wa Panzi wa kukera. Kila Jumamosi alinisogezea glasi yake.

"Onja."

"Sitaki."

"Onja tu, Ardis. Tone moja. Hujui unachokosa."

"Ninajua. Ninakosa kupiga mswaki hadharani."

Kisha kisukari kikamshika, na daktari akampiga marufuku vitu vyote vitamu, akaitaja aiskrimu kwa jina. Verlyn alikaa wiki mbili amenuna. Jumamosi ya tatu, tulipotoka mezani, akamwambia Lavonne kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mletee mke wangu Panzi! Anastahili." Lavonne akanitazama, nikamtazama. Glasi ikaletwa mbele yangu. Mimi nikaugusa mrija kwa midomo, bila kuvuta kitu, ili daktari akiniuliza niseme bila kupepesa macho kwamba ile ilikuwa ya kwangu. Halafu nikaisukuma glasi kushoto. Mkono wa Verlyn ulikuwa umekwisha fika pale kuipokea.

Ndivyo tulivyoishi miaka yote iliyofuata. Baa nzima ilijua. Norbert, rafiki yake wa kuvua, alizoea kusema, "Shemeji, pole na kisukari cha mwenzako, naona unanenepa kwa niaba yake." Nikimkumbusha Verlyn daktari alisema nini, ananijibu, "Mimi sijaagiza kitu. Muulize Lavonne." Na kila Jumamosi, kabla hajavuta mrija, hakosi kunigeukia: "Onja kwanza, bibie." Sikuonja. Ilikuwa imeshakuwa mchezo, na katika mchezo ule sehemu yangu ilikuwa kukataa.

Jumamosi yake ya mwisho tulirudi kaunta mapema. Mimi nilikuwa bado na brandi yangu nusu, kwa hiyo Verlyn alipoagiza "Panzi wa mke wangu," Lavonne aliweka kiglasi kimefunikwa mbele yangu, kingoje. Mara Norbert akaingia akikung'uta theluji mabegani, akasema barabara inazibika, mwenye kuondoka aondoke sasa. Tukainuka. Nikamwonyesha Verlyn kiglasi.

"Kiache," akasema. "Hakiendi popote. Tutakikuta Jumamosi."

Alifariki siku tatu baadaye.

Kwa hiyo Lavonne aliponiuliza, "Glasi yako je?", nilijua anauliza nini. Baada ya Jumamosi ile hapatakuwa na kaunta. Nilimwambia nitakuja. Njiani nikawa nimekwisha amua: kinywaji alicholipiwa mtu anaweza kumpa mwenzake, inaruhusiwa. Nitampa Norbert, atakinywa, nitarudi nyumbani, na jambo litakuwa limekwisha.

Nilikuta watu wamejaa, wengine wamesimama na sahani mkononi, na kaunta yote imekaliwa isipokuwa stuli mbili. Yangu, na ya kushoto kwangu. Norbert alikuwa kulia kwangu, amevaa shati la kanisani. Kiglasi kilikuwa pale pale, kimefunikwa, na hakikuwa na vumbi. Nilikaa. Nilisubiri nisikie kitu chochote nikikiona. Nilisikia njaa kidogo.

Bwana mmoja mwenye koti jipya akaja akashika ile stuli ya kushoto.

"Hapo pana mtu," Norbert akamwambia.

"Yuko wapi?"

"Amechelewa."

Yule bwana akaona kaunta nzima imemgeukia, akaenda zake. Norbert akarudi kwenye brandi yake. Nilijua amefanya jambo la kumliza mtu, nikamshukuru kwa kichwa.

Tulikula mimi na Norbert, mbavu za kuoka, kiazi, na ile sahani ya karoti na figili na jibini ya kupaka ambayo baba yake Lavonne aliianzisha. Nilitafuna, nikameza. Norbert alizungumzia barafu, kwamba ametoa kibanda chake cha kuvulia ziwani kabla hakijazama, na cha Verlyn pia amekitoa, kiko nyuma ya ghala lake.

"Asante," nikasema.

"Kiti chake kimo ndani. Na ile kofia yake mbaya."

"Kofia itupe."

"Siitupi, shemeji."

Tukarudi kaunta. Lavonne alikuwa hana nafasi ya kupumua, blenda inanguruma, Kindi huku, Aleksanda kule, wazee wanaagana na vinywaji vyao kana kwamba vinasafiri. Nilipoona pametulia nikamgeukia Norbert.

"Ile glasi nakupa wewe."

"Glasi gani?"

"Usijitie ujinga. Panzi wa Verlyn. Inywe wewe."

Norbert akaweka mikono yake chini ya kaunta, kama mtoto anayeogopa kuguswa na kitu. "Shemeji, mimi? Hapana. Nikiinywa ile, samaki hatanishikia ndoano mpaka nife. Unamjua Verlyn kwa kisirani."

"Verlyn amekufa, Norbert."

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningeinywa, kisha nimnunulie nyingine."

Lavonne akaja, ameegemea kaunta kupumzisha magoti. Alisikia kila kitu. Huyo husikia mpaka mazungumzo ya maegesho.

"Sikiliza, bibie. Kiglasi kimefunikwa mbele yako, si mbele ya Norbert. Kinywaji ni chako na unachagua unachotaka. Nikutengenezee Kindi?"

"Alilipia Panzi."

"Alilipia kinywaji. Nikuwekee Kindi, unywe kitu unachokipenda, basi."

Ilikuwa busara. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ningekunywa Kindi wangu, nivae koti, niagane na watu, na Janelle akipiga simu nimwambie nimetoka, nimekula, nimeongea na watu, nimfurahishe. Kisha nikafikiri kwamba kitu cha mwisho alichonifanyia Verlyn hapa duniani kimo chini ya kile kiglasi, na mimi nakaribia kukibadilisha kwa kitu kingine bila hata kutetemeka mkono. Hilo nalo sikulihisi. Nililiona tu, kwa mbali, na sikulipenda.

Nikapindua kiglasi.

"Panzi," nikasema. "Kama alivyoagiza."

Lavonne akamimina ya kijani, akamimina nyeupe, akachota aiskrimu kwa nguvu za bega zima mpaka chombo kikakataa, akawasha. Alipoweka ile glasi ndefu mbele yangu, krimu juu na chokoleti imekwanguliwa juu ya krimu, Norbert akageuka akaanza kumkagua yule samaki mkubwa aliyekaushwa ukutani, ambaye amemwona maisha yake yote.

Nikaushika mrija. Nikaugusa kwa midomo. Na kabla sijafikiri chochote, mkono wangu uliisukuma glasi kushoto.

Iliteleza vizuri juu ya ile kaunta ya zamani, ikasimama mahali pake, mbele ya stuli tupu. Nikangoja. Naapa niliingoja. Nilikuwa natazama mbele, kwenye chupa, kama ninavyofanya siku zote, nikingoja kusikia "Onja kwanza, bibie," na jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Ilipita muda mfupi tu. Hakuna mkono uliokuja. Nikageuka, nikaiona glasi imekaa peke yake, krimu imeanza kuinama upande mmoja, tone moja la kijani linashuka kwa nje.

Sikuwatazama watu wa kaunta. Nikanyoosha mkono nikaivuta glasi irudi. Nikauweka mrija mdomoni, na mara hii nikavuta.

Ilikuwa baridi, na nzito, halafu mnanaa ukaja taratibu nyuma ya utamu, safi, ukapanda mpaka puani. Haikuwa dawa ya meno. Haikufanana na dawa ya meno hata kidogo. Nikavuta tena nihakikishe. Nikachukua kijiko, nikala krimu pamoja na ile chokoleti, nikavuta tena.

"Lavonne."

"Naam, bibie."

"Hii ni tamu."

"Ni tamu, ndiyo."

"Ni tamu kuliko Kindi."

Lavonne akaziba mdomo kwa taulo la vyombo. Nami hasira zikanipanda ghafla, hasira za kweli, za moto, mpaka masikioni. Mwanaume huyu tumekaa naye hapa Jumamosi zote hizo, anajua kitu hiki ni kitamu namna hii, na mimi nimekalia Kindi. Nikaigeukia ile stuli.

"Mjinga wewe," nikasema, kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia?"

Norbert bado alikuwa amemkazia macho yule samaki wa ukutani, mabega yamemwinama.

"Alikuambia, shemeji," akasema pole pole. "Kila Jumamosi alikuambia."

Hapo ndipo iliponikuta. Sauti ikanitoka ambayo sikuijua ni yangu. Nililia nimeshika kaunta kwa mkono mmoja na glasi kwa mkono mwingine. Nilimtaka. Nilimtaka pale, na kofia yake mbaya, na kisirani chake, anigeukie nimwambie kwamba nimeonja, kwamba alisema kweli, anicheke mpaka tufike nyumbani. Kidole nilichounguza kikaanza kuuma, au labda kilikuwa kinauma siku zote. Kila mahali paliuma.

Norbert akahama. Hakukaa kwenye ile stuli. Alisimama nyuma yake, akaweka mkono mgongoni kwangu, akauacha hapo. Lavonne alizunguka kaunta na magoti yake hayo akaja kunishika upande wa pili.

"Lia, bibie," akasema. "Lia tu. Sifungi mpaka umalize."

Nilikunywa mpaka chini, huku nalia, mpaka mrija ukaanza kupiga kelele. Kisha nikajifuta uso kwa kitambaa cha karatasi chenye jina la baba yake Lavonne.

"Tengeneza nyingine," nikamwambia. "Na kiglasi kifunike pale kwake, hii namnunulia yeye."

"Ardis, kesho hapa pamefungwa. Nani atakuja kuinywa?"

"Mimi, leo hii," nikasema. "Kifunike kwanza."